Kuagiza difu, stata na steringi boksi za mtumba za Land Cruiser HZJ75: nihakikisheje kwamba zitaingia?

Mchukuzi wa Kayenze

Ndugu zangu, habari za kazi. Nina Land Cruiser pikapu, HZJ75, ambayo kadi yake inaonyesha kuwa ni ya mwaka 1993. Ina injini ya dizeli ya 1HZ na giaboksi ya mkono. Kazi yake ni kupeleka barafu kwenye mialo ya Igombe na Kayenze hapa Mwanza na kurudi na samaki hadi Mwaloni Kirumba, kwa hiyo siku nyingi huwa imebeba mzigo kamili na mara kwa mara huingia majini kidogo ili kusogelea mitumbwi.

Difu ya nyuma, yaani gia zinazogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili ya nyuma, ilianza kwa kuunguruma nikiwa kwenye mwendo wa barabarani, kisha ikawa inagonga kila ninapoondoa gari, na hatimaye meno ya krauni (gia yake kubwa) yakakatika. Imeshafunguliwa na ipo mezani gereji. Kwa kuwa gari limesimama, ninataka kuagiza kwa pamoja stata, ambayo imechoka, na steringi boksi, yaani boksi la gia za usukani, ambayo inavuja na imefanya usukani uwe na mlegezo mkubwa.

Kinachonisumbua ni kwamba maneno ya wauzaji hayapatani. Gereji naambiwa kuwa difu ya Land Cruiser yoyote ya zamani itaingia. Muuzaji mmoja wa Dar es Salaam ana difu iliyotoka kwenye Land Cruiser ya mfululizo wa 80 na anasema ni ileile. Mwingine anaagiza kutoka Sharjah na ameahidi kuniletea difu yenye loki ya umeme (inayoyafunga magurudumu mawili yazunguke sawa) pamoja na steringi boksi kutoka kwenye gari moja, kwa bei ambayo kwa kweli inavutia. Wote wanataka malipo ya awali kwa simu, na mzigo ukishasafiri zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar kuja huku, kuurudisha ni gharama yangu mimi.

Naomba wenye uzoefu wanieleze nipime nini, nisome nini na niulize nini kabla sijatuma pesa. Jambo jingine, ambalo sijui kama linahusiana na hili: nikiingiza gia ya magurudumu manne, usukani huwa mzito na gari hujikaza, hata kwenye mchanga wa mwaloni. Wapo wanaoniambia kuwa ndivyo magari haya yalivyo.

Fundi wa Nyakato

Ndugu Mchukuzi, pole sana, kwani najua barafu haisubiri gari litengenezwe. Hilo la mwisho ulilolitaja kana kwamba ni la pembeni ndilo lililonifanya nikuandikie kwa kirefu, na nakuomba usitume hata senti moja mpaka ulipime.

Kwanza, jina “Land Cruiser” halitoshi kuagizia chochote. Mfululizo wa 70 ulianza kutengenezwa mwaka 1984, injini ya 1HZ ikaja mwaka 1990, na mwaka 1999 gari likabadilishwa sana chini: springi za majani za mbele zikaondolewa na kuwekwa za koili, na tairi zikawa za nati tano badala ya sita. Hilo lako likiwa HZJ75 kweli, lina springi za majani mbele na nyuma na nati sita. Herufi zenyewe zinasema kitu: HZ ni injini, J ni Land Cruiser, na 75 ni umbo lake la chasisi ndefu. Baada ya namba hizo, kwenye kibati kilichopigwa ribiti ndani ya chumba cha injini, utakuta herufi R au L, ambayo inaonyesha kama gari lilitengenezwa likiwa na usukani wa kulia au wa kushoto. Chini yake kuna mstari wa giaboksi na ekseli. Msimbo wa ekseli ulioandikwa hapo ndio unaoeleza difu gani ilitoka nayo kiwandani, kwa hiyo kipige picha kibati chote, hata kama rangi imekifunika na itabidi ukisafishe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Namba ya chasisi nayo imegongwa kwenye reli ya kulia ya chasisi, karibu na tairi la mbele. Ilinganishe na ya kwenye kibati na ya kwenye kadi, kwa sababu gari la miaka yote hiyo linaweza kuwa limebadilishiwa bodi, injini, au vyote viwili.

Sasa tuje kwenye difu. Kitu kinachotawala kila kingine ni uwiano, yaani propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) inazunguka mara ngapi ili gurudumu lizunguke mara moja. Unaupata kwa kuhesabu meno ya krauni na kuyagawanya kwa meno ya pinioni, ile gia ndogo inayoizungusha krauni. Krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 10 ni 4.10; 37 kwa 9 ni 4.11, 43 kwa 10 ni 4.30. Kwa macho hizi difu zinafanana kabisa, na zinaweza kukaa kwenye nyumba ileile ya ekseli (ganda la chuma linaloibeba difu) bila bolti hata moja kukataa. Hatari yake iko hapo, maana gari la HZJ75 halina difu ya katikati: ukiingiza magurudumu manne, transfa (boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) inazifunga propela ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja. Kama difu ya mbele ni 4.10 na ya nyuma ni 4.30, magurudumu ya mbele yanataka kwenda haraka kuliko ya nyuma kwa karibu asilimia 5, na kwa kuwa hayawezi, mvutano wote unaingia kwenye meno, transfa na shafti. Kwenye tope jingi tairi zitateleza na kuupunguza mvutano huo, lakini kwenye mchanga uliolowa na kushikana, huku gari likiwa na mzigo, kitu lazima kikatike.

Hesabu basi meno ya krauni iliyo mezani, ukijumlisha nafasi za meno yaliyokatika, kisha hesabu ya pinioni. Halafu pima difu ya mbele bila kuifungua, hivi. Weka vizuizi imara mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, kwa sababu propela ya nyuma ikiwa imetolewa gia haitalishika gari. Transfa iache kwenye magurudumu mawili. Funga loki za magurudumu yote mawili ya mbele, zile za kwenye habu zinazounganisha gurudumu na shafti yake. Inua gurudumu moja tu la mbele kwa jeki, ulikalishe gari juu ya stendi, na jingine libaki limekanyaga chini. Chora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela ya mbele. Zungusha tairi mara 20 kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Kwa kuwa gurudumu la pili limesimama, mizunguko 20 ya tairi ni sawa na 10 ya krauni, kwa hiyo propela ikizunguka mara 41 uwiano wako ni 4.10 au 4.11, na ikizunguka mara 43 ni 4.30. Kati ya 4.10 na 4.11 usisumbuke, maana tofauti hiyo ni ndogo kuliko ile inayoletwa na tairi moja kulika kuliko jingine.

Leta majibu hapa ndipo tuzungumze kuhusu hiyo difu ya mfululizo wa 80.

Bi Vipuri, Igogo

Kaka Mchukuzi, fundi ameanza pazuri, nami nitasema upande wa kununua, kwa sababu ndiko ninakofanya kazi.

Vipuri vya Toyota vina namba ya tarakimu kumi, tano kwa tano. Tano za mwanzo zinataja aina ya kifaa na tano za mwisho zinataja ni kwa gari lipi hasa. Krauni na pinioni huanza na 41201, stata 28100, alteneta 27060, silinda hedi 11101, rejeta 16400. Ukijua hilo, muuzaji akikupa namba inayoanza na kitu kingine utatambua mara moja kwamba hazungumzii unachokitaka. Namba kamili ya gari lako inapatikana kwenye katalogi kwa kutumia namba ya chasisi na ule msimbo wa modeli wa kwenye kibati, na duka lolote la vipuri lililo makini litakutafutia. Ujue pia kwamba namba inaweza kuwa imebadilishwa na kiwanda na nyingine ikachukua nafasi yake, kwa hiyo namba mbili zisizofanana zinaweza kuwa kifaa kilekile, mradi katalogi yenyewe iseme hivyo.

Namna ya kuuliza ina uzito mkubwa. Ukimpigia muuzaji na kumwuliza, “Stata ya HZJ75 ipo?” atakujibu ipo. Ukimtajia namba yako, atakujibu ndiyo hiyohiyo. Mwombe kwanza yeye akusomee kilichoandikwa kwenye kifaa chake na akupige picha ya lebo kwa karibu, bila wewe kutaja chochote, kisha ulinganishe mwenyewe ukiwa nyumbani. Muuzaji mwaminifu hachukizwi na ombi hilo.

Kwenye stata, jambo la kwanza ni volti. Yapo magari ya mfululizo wa 70 yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani ambayo hutumia volti 24, na vifaa vyake huja huku vikiwa vimechanganywa na vya volti 12. Usijidanganye kwa kuona betri mbili chini ya boneti ukadhani ni 24. Tazama waya unaoziunganisha: ukitoka chanya kwenda chanya, gari ni la volti 12, ukitoka chanya ya betri moja kwenda hasi ya nyingine, ni 24. Stata yenyewe ina lebo yenye volti na kilowati. Baada ya hapo hesabu meno ya gia yake ndogo, pima kutoka uso wa kufungia hadi ncha ya gia, na uangalie matundu ya bolti yamekaa upande upi. Tuma vipimo hivyo pamoja na picha ya stata yako iliyowekwa kando ya rula.

Kuhusu Sharjah nakusihi uwe mwangalifu. Kule magari yanaendeshwa upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo usukani uko kushoto. Steringi boksi ya gari la namna hiyo haitakufaa, haidhuru iwe mpya kiasi gani, na hali ni hiyohiyo kwa pedali, dashibodi, mota ya waipa na mabomba ya breki. Land Cruiser nyingi za huko pia ni za petroli, jambo linaloweza kubadilisha giaboksi na hata uwiano wa difu. Faida ya huko ni kwamba vyuma havina kutu. Vinavyotoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako chumvi humwagwa barabarani, huja vimeliwa, na nyumba ya ekseli ya namna hiyo ni hasara hata ukipewa bure.

Difu yenye loki ya umeme pia usiikimbilie. Kuikalisha kwenye nyumba ya ekseli isiyotengenezwa kwa loki kunahitaji nyumba hiyo ikatwe na kurekebishwa, kisha bado kuna nyaya, swichi na mota yake. Kama hutaagiza ekseli nzima, iache.

Mwisho, dai risiti ya EFD (mashine ya kodi) yenye maelezo ya kifaa, wala usikubali iandikwe “spea” tu, na mwandikishiane siku za kurudisha kisipoingia. Vifaa vya wizi vipo sokoni, na risiti ndiyo itakayokutetea ukiulizwa.

Mzee wa Nansio

Wanangu, mmesema vizuri kuhusu kununua, lakini hiyo difu ijayo itakufa vilevile kama maji yataendelea kuingia. Juu ya nyumba ya ekseli kuna kipumulio kidogo. Gari likitoka barabarani difu huwa imepata moto, na ukiliingiza ziwani ghafla hewa iliyomo ndani inapoa na kujikunja. Kipumulio kikiwa kimeziba kwa tope, hewa haina pa kuingilia, kwa hiyo maji huvutwa kupitia kwenye sili za mafuta. Oili ikichanganyika na maji huwa nyeupe mfano wa chai ya maziwa, na beringi na meno havidumu humo.

Unganisha kipumulio hicho na mpira mrefu, uufunge juu karibu na bodi mahali ambapo maji hayafiki, na mdomo wake utazame chini. Ni kazi ndogo na mpira wake ni wa bei nafuu. Fanya hivyo kwa difu zote mbili. Mwulize na fundi wako oili aliyoimwaga ilikuwa na rangi gani.

Mchukuzi wa Kayenze

Shikamoo mzee wangu, na asanteni nyote. Nimefanya kama mlivyoelekeza na majibu yamenishangaza.

Kibati kinasoma HZJ75 chenye herufi R, na namba ya chasisi kwenye reli inalingana na ya kwenye kadi. Krauni iliyokatika ina meno 43 na pinioni meno 10. Difu ya mbele tuliipima kwa kuzungusha tairi mara 20, na propela ilizunguka mara 41 na ushee mdogo sana. Tulirudia kwa gurudumu la upande wa pili ili tujiridhishe, na ikawa vilevile.

Betri ziko mbili na waya unatoka chanya kwenda chanya, na lebo ya stata inasema 12V. Oili ya difu, kwa mujibu wa fundi, ilikuwa na weupe kiasi, na kipumulio kilikuwa kimeshikana kabisa kwa udongo.

Swali langu sasa ni hili: niagize difu kama ile iliyokatika, au kama ya mbele? Na ile ya mfululizo wa 80 niiangalie au niachane nayo?

Fundi wa Nyakato

Agiza ya kulingana na ya mbele, na kabla ya hapo hakikisha msimbo wa ekseli kwenye kibati unakubaliana nayo, jambo ambalo Bi Vipuri au duka lolote lenye katalogi litakusomea. Difu yako ya nyuma ilitoka kwenye gari jingine, ikawekwa na mmiliki aliyekutangulia kwa sababu bolti zilikubali. Ule uzito wa usukani na gari kujikaza haukuwa tabia ya gari. Mvutano huo na maji aliyoyasema mzee vimefanya kazi pamoja kuila hiyo krauni. Pia kisoma mwendo kimekuwa kikizidisha: kiliposema 100, ulikuwa kwenye 95 hivi, kwa kuwa kinaendeshwa kutoka kwenye transfa na hakijui kilichobadilishwa nyuma yake.

Umefanya jambo la maana kupima mbele kabla ya kuagiza. Ungepeleka picha ya krauni iliyokatika na kusema “nataka kama hii”, ungeletewa kama hiyo.

Ile ya mfululizo wa 80 si ya kuikataa kwa jina lake tu, lakini usiikubali mpaka muuzaji akujibu kwa picha na namba: meno ya krauni na pinioni, idadi ya mistari kwenye tundu linalopokea hafu shafti (shafti inayotoka kwenye difu kwenda kwenye gurudumu) ikilinganishwa na iliyo kwenye ncha ya hafu shafti zako, kipenyo cha uso unaokaa kwenye nyumba ya ekseli na mpangilio wa matundu yake, na vipimo vya flenji (bamba la kufungia propela), matundu manne kutoka katikati hadi katikati. Kimojawapo kikipishana, mwache aiuze kwa mwingine.

Nunua difu nzima ikiwa imefungwa, yaani krauni, pinioni, spaida (gia ndogo za katikati) na beringi zake, wala usinunue krauni na pinioni zilizolegea kwenye mfuko. Gia hizo mbili husagwa pamoja kiwandani na kupewa alama ya kuoana, na ukichanganya krauni ya huku na pinioni ya kule zitaunguruma tangu siku ya kwanza. Kwenye picha tazama sehemu meno yanapogusana: iwe na mng’aro ulio sawa katikati ya jino. Vishimo vidogo, kingo zilizomomonyoka, au rangi ya bluu inayoonyesha kwamba chuma kiliungua kwa kukosa oili, ni sababu ya kutosha kusema hapana. Mwombe pia akupigie video akiizungusha flenji kwa mkono taratibu, uone kama inakwama mahali.

Steringi boksi itafute ya gari la usukani wa kulia, Dar es Salaam au Kampala, ukizingatia kama yako ni ya pawa au ya kawaida. Mzigo ukisafirishwa kwa basi, difu imwagwe oili, midomo izibwe kwa kitambaa, na iwe kwenye kreti ya mbao. Ukiipokea stendi ya mabasi ya Nyegezi, ifungue uhesabu meno hapohapo kabla hujasaini. Baada ya kuifunga weka oili ya gia ya GL-5, SAE 90, kisha imwage mapema baada ya safari za mwanzo uone kama kuna vumbi la chuma.

Ukipata picha za meno ziweke hapa kabla hujatuma pesa, nitazitazama.